Ua la Koplo Tengan

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Leo tunamkumbuka Koplo Tengan Bayor wa hapa kwetu Nandom, kaskazini mwa Ghana, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na mbili. Koplo Tengan. Kwa miaka mingi mlimwona kila tarehe kumi na moja Novemba: joho lake la kufumwa, medali mbili, na ua jekundu la karatasi kifuani, upande wa kushoto.

Ua lile la popi, la kuwakumbuka askari wa vita, hakujibandika mwenyewe. Alibandikwa na Bi Pogzie, yule anayeuza maua ya chama cha askari wastaafu pale sokoni. Miaka nenda miaka rudi, ni Bi Pogzie huyohuyo. Na kila akishachomeka pini, huwageukia watu akasema, "Huyu ndiye aliyemzika kaka yangu."

Kaka yake aliitwa Ziem. Ziem na Tengan walikwenda pamoja kwenye vita vya Burma. Walibeba mizigo kichwani msituni, wakala chungu kimoja. Akarudi Tengan peke yake. Mama yake Ziem akawa hali, hanywi, anataka kujua mwanawe amelala wapi. Tengan akamwambia Ziem alifia mikononi mwake, naye akamzika kando ya mto. Siku ile yule mama akaomba chakula.

Sasa sikilizeni. Hili nalisema kwa ruhusa ya Bi Pogzie mwenyewe. Tengan hakumzika Ziem. Hakumzika. Alimwacha hai chini ya mianzi, mguu umevunjwa na risasi, homa imempanda. Amri ilitoka kikosi kiondoke. Tengan akampa chupa yake ya maji, akamwambia, "Narudi sasa hivi."

Hakurudi.

Uongo ule aliusema ili mama wa watu ale. Kumbe amejifungia ndani ya uongo huo, na funguo wanazo wengine. Mwaka mmoja alijisingizia malaria. Bi Pogzie akamfuata na ua mpaka kitandani. Mwaka mwingine alikimbilia kwa bintiye kule mjini Wa. Wazee wakatuma lori limrudishe, maana gwaride bila Koplo lingekuwa gwaride gani? Mama yake Ziem akafariki, na bado hakuweza kusema. Mwana wa Koplo, Yirdong, ameniambia hivi: "Oktoba ikiingia tu, baba chakula hakipiti. Sisi tukidhani ni lile vumbi la kaskazini."

Miaka mitatu iliyopita mzee alishindwa. Bi Pogzie amesimama mbele yake, pini mkononi, watu wamejaa. Tengan akamshika kiganja, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mianzi. Chupa ya maji. Narudi sasa hivi.

Nilimuuliza Bi Pogzie alijisikiaje. Hakunificha. Alisema alitamani kumchoma kwa pini ileile. Lakini alimwekea ua kiganjani, akamwambia, "Kuanzia leo jibandike mwenyewe."

Koplo hakuweza. Miaka mitatu alisimama kwenye gwaride kifuani hamna ua, amelifumbata mkononi. Tukasema ni uzee, mikono inatetemeka. Naye Bi Pogzie hakumwambia mtu. Amwambie nani, na mama yake alikufa akiamini mwanawe ana kaburi? "Alitoka yeye," aliniambia, "nikaingia mimi."

Basi, Alhamisi tulimweka Koplo juu ya jukwaa la msiba, ameketishwa kama desturi yetu, joho na medali zake mwilini. Marimba zinalia. Mtani wake, mzee Kuubetersuur, mnamjua asivyo na haya hata msibani, akaja mbele na kumnyooshea fimbo: "Wewe Koplo, ua lako liko wapi? Umetoroka gwaride? Hata kufa umekuja bila sare!" Watu wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani.

Bi Pogzie hakucheka. Alifungua pindo la kanga, akatoa ua. Wajukuu wakamshika huku na huku, akapanda. Wapiga marimba wakanyamaza. Alihangaika na ile pini, jamani, alihangaika, mpaka ua likakaa kushoto panapostahili. Tukangoja yale maneno yake ya kila mwaka. Hakuyasema. Alisema, "Kaka Tengan, ulimwambia unarudi. Anakungoja tangu zamani. Haya, nenda."

Yirdong na ndugu zako, poleni sana. Bi Pogzie, pole kwa Koplo, na pole upya kwa kaka yako Ziem, kana kwamba habari imefika leo, maana kweli imefika leo.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Novemba itafika tena, na maua yatauzwa. Yanunueni. Lakini kama yuko mtu uliyemwambia "narudi sasa hivi," ukamwacha mahali, mfikirie jioni hii. Na kama bado yu hai, tafadhali, rudi.