Bi. Eufrazia na Mkulima wa Mstari wa 4,118

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Eufrazia Mkude, Afisa Mipango wa kiwanda chetu cha viungo hapa Kihonda, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Barua yake ya kustaafu ameirudisha utumishi mara mbili, akitaka makosa yasahihishwe kwanza.

Aliajiriwa akiwa karani wa mizani. Kompyuta zilipofika, yeye ndiye aliyehamisha majina ya wakulima kutoka kwenye madaftari na kuyaingiza kwenye jedwali la mpango wa biashara: mdalasini juu, kisha karafuu, pilipili manga na iliki. Kwa kuwa ni binti wa wakulima wa Kinole, aliacha mstari mmoja mtupu kati ya zao na zao, iwe njia ya kupita. Sote tuliona ni ustaarabu.

Kompyuta, masikini, haijui njia za shambani. Kila tulipoiambia ishuke hadi mwisho, ilifika kwenye njia ya kwanza, ikadhani orodha imekwisha, ikasimama. Kwa misimu miwili mpango ukatamka kwamba tuna mdalasini tu, na mlinzi akapewa orodha hiyo getini. Wakulima wa karafuu na pilipili manga walipiga kelele mpaka wakafunguliwa, lakini magunia yao hayakuwa na ghala kwenye mpango, yakapangwa ofisini kwa Meneja. Kumbukumbu za kikao cha Machi zinaonyesha ajenda tatu na chafya arobaini na sita.

Mzee Mwinshehe hakupiga kelele. Huyu ndiye mkulima wa mwisho kwenye jedwali, mstari wa 4,118: iliki, kilo mbili kwa mwaka, kutoka Tegetero. Aliambiwa getini kwamba hayumo, akaaga vizuri, akapanda mlima na kifurushi chake. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Bi. Eufrazia alipopata habari alilia mbele ya watu, akakiri kwamba zile njia ni zake.

Akaletwa mtaalamu kutoka Dar, Frank, aliyeiamuru kompyuta itaje yenyewe mstari wa mwisho. Ikataja 1,048,576. Kumbe Meneja, mtu wa usafi, alipokuwa akipangusa kibodi aliacha alama ya nafasi, isiyoonekana kwa macho, kule chini kabisa jedwali linapoishia. Frank akaripoti kuwa tuna wakulima zaidi ya milioni moja, na Meneja akaanza kuulizia maturubai ya mkutano mkuu. Mashine ilichapa karatasi nyeupe siku mbili. Frank akashauri njia zifutwe. Bi. Eufrazia akakataa katakata, maana wakulima wa karafuu na wa pilipili manga wangekanyagana.

Yeye alishuka hadi chini kabisa ya jedwali, akafuta uchafu wa Meneja, akaanza kupanda kama Mluguru yeyote anayerudi mlimani kutoka sokoni. Kompyuta ikaruka utupu wote, ikasimama kwa Mzee Mwinshehe. Siku hiyohiyo alichukua bodaboda hadi Tegetero, orodha mkononi, akampa Mzee shikamoo na kumwonyesha jina lake. Mzee aliitikia, kisha akamuuliza mbona amechelewa chai.

Tangu hapo, hapa kwetu mwisho hutafutwa kutoka chini, na Mzee Mwinshehe hajarudishwa tena.

Juzi, Pendo anayerithi meza yake alijaribu kupanda kama alivyofundishwa. Kompyuta haikufika kwa Mzee. Ilisimama mstari wa 4,119: Eufrazia Mkude, iliki, Kinole, shamba la ukoo wa mama, kilo bado. Hakuwa amemwambia mtu. Tulitazamana, na safari hii tuliolia ni sisi.

Bi. Eufrazia, tunakushukuru kwa yote. Nenda ukaishi kwa afya na amani, na iliki ikuzalie. Pendo ameapa kwamba kila msimu ataanzia chini. Lakini ukifika getini, mlinzi akakwambia kwamba wewe humo, tafadhali sana, usiage vizuri.