Hotpoti ya Kaka

Benchi la nje ya saluni ya Wembe lina miguu minne na mmoja ni mfupi. Aliyelitengeneza ni huyu huyu Randa, seremala, anayelikalia kila asubuhi na kulitukana kila asubuhi. Ukimuuliza kwa nini halirekebishi, atakuuliza kwani wewe umelilipia? Basi siku hiyo, zikiwa zimebaki siku tatu kufika Krismasi, Randa alikuwa ameshika kikombe cha kahawa wala hanywi, na pale kijiweni mtu asiyekunywa ni mgonjwa au amefiwa. Wembe alikuwa anasubiri kichwa cha kwanza cha kunyoa. Katibu, aliyestaafu ukarani lakini hajastaafu kuendesha vikao, alikuwa ameshavaa miwani. Mama Birika, mwenye kahawa yake, ndiye aliyeanza.

— Randa, sema kinachokusibu au nirudishie kikombe changu.

— Kaka yangu.

— Amefanya nini tena?

— Hajafanya. Anakuja kwangu Krismasi.

Kisa wote walikijua. Miaka mitatu nyuma, siku ya Krismasi, kaka yake Randa aliingia na hotpoti mkononi, akaitua mezani katikati ya vyakula ambavyo mke wa Randa aliamka alfajiri kuvipika. Randa akapandwa na hasira. "Kwangu si stendi," akasema mbele ya wakwe, "mtu aje na chakula chake." Kaka akafunika hotpoti yake, akaaga watoto, akaondoka. Baadaye sana dada yao ndiye aliyefichua kwamba kaka ana vidonda vya tumbo, daktari kampiga marufuku mafuta na pilipili, na aliona haya kuyasema mbele ya shemeji zake. Randa aliposikia aliumia, lakini kuumia na kuomba radhi ni safari mbili. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

— Na mama yupo kwangu tangu juzi, — alisema Randa. — Macho yake yanazidi kufifia. Amesema hataki kitenge wala nini. Anataka kuwaona wanawe wawili kwenye meza moja, akiwa bado anaona.

— Viti vinatosha? — Katibu aliuliza.

— Kumi na viwili. Cha kaka nimekitia mikono.

— Cha kaka tu?

— Mbao zilibaki, — akasema Randa haraka.

Uongo. Alikipiga msasa siku mbili kile kiti, na mbao zile alizinunua.

— Sasa hofu yako ni ipi? — Wembe alisogea, benchi likayumba.

— Akija tena na hotpoti? Wakwe watatazamana. Mke wangu atanyamaza, na mnajua anavyonyamaza. Mimi mdomo wangu nao mnaujua.

— Dawa rahisi, — alisema Wembe. — Waambie wageni wote waje na hotpoti. Zikiwa kumi na mbili, ya kaka yako itajulikana ipi? Penye wengi pana mengi!

— Na mke wangu apike nini?

— Apumzike. Kwani Krismasi si yake pia?

— Huyo mwanamke umwambie apumzike siku ya wageni, — alisema Mama Birika, — ukalale saluni kwa Wembe.

Katibu alikohoa, kama anayesubiri apewe nafasi ambayo hakuna aliyemnyima.

— Tatizo si chombo. Tatizo ni ratiba. Wakwe wale saa sita, kaka ale saa tisa. Mama akae vikao vyote viwili.

— Mama anataka meza moja, Katibu.

— Meza si itakuwa ile ile? Na ikibidi, Krismasi ya kaka isogezwe hadi tarehe ishirini na saba. Haraka haraka haina baraka.

— Krismasi isogezwe! — Wembe alipiga paja. — Na wewe ulikuwa ofisi ya umma miaka thelathini. Ndiyo maana.

— Lete lako basi.

— Langu hili. Siku ile zima taa, funga mapazia. Gizani nani ataona nani anakula nini?

— Mama anataka kuwaona, wewe mwana wa watu! — alisema Katibu. — Kuwaona!

— Basi mama apewe tochi.

Hata Randa alicheka, na kicheko kilipoisha akahisi vibaya zaidi. Aliwapenda watu hawa, lakini siku tatu si nyingi, na katika maneno yao hakupata hata la kushika.

— Wahenga walisema, — aliingilia Mama Birika, — ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.

— Umeona? — alisema Wembe. — Kwa hiyo sisi tuje na makapu. Saa ngapi, Randa?

Wakati huo dada mmoja mwenye sare ya idara ya maji na daftari kwapani alikuwa amemaliza kusoma mita ya saluni. Mgeni wa mtaa ule, wiki yake ya kwanza. Aliomba kahawa, akasogezewa nafasi upande wa mguu mfupi, akashika benchi asianguke. Alikuwa amesikiliza muda wote.

— Samahani, wazee wangu. Huyo kaka amealikwa na nani?

— Amealikwa na... — Randa alianza.

Akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Katibu.

— Niliandika kwenye kundi la ukoo, — alisema Randa. — "Nyote karibuni." Kwa herufi kubwa.

— Na yeye yumo kwenye kundi?

Katibu alivua miwani. Wembe akaanza kupangusa mkasi uliokuwa safi. Hakuna mwenyeji pale asiyejua kwamba kaka alijitoa kwenye kundi jioni ile ile ya hotpoti. Miezi miwili Randa amepima, amekata, amepiga msasa, amepanga nani akae kando ya nani, na mwenye kiti hajaambiwa.

— Mungu wangu, — alisema Randa taratibu.

— Piga, — alisema Mama Birika.

— Nitampigia jioni.

— Piga sasa, baba. Hapa una sisi.

Alipiga. Akaweka spika, wote wasikie. Simu iliita mpaka akadhani ndiyo basi, ndipo ikapokelewa.

— Kaka. Shikamoo.

Gari likapita, wote wakalikasirikia.

— Marahaba, — ilisema sauti. — Mama mzima?

— Mzima. Yuko kwangu. Kaka, nilikosa siku ile. Nilikukosea mbele za watu. Nisamehe. Na Krismasi nakuomba uje, wewe na wote wa kwako.

— Nilijua wengine wote wameitwa, — kaka alisema. — Nikasema basi.

— Si basi. Kiti chako kipo. Sasa niambie, daktari anakuruhusu nini?

— Ya nini?

— Tupike sufuria nzima. Tule wote.

Ikasikika pumzi ndefu.

— Viazi vya kuchemsha. Mboga bila mafuta. Samaki wa mvuke. Hao watoto wako watanilaani.

— Wakulaani wakiwa wamekaa. Utakuja?

— Nitakuja. Sasa hotpoti niiache?

Randa alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akazidi kuyachafua.

— Usiiache hata kidogo, — alisema. — Kitakachobaki utakibebea nini?

Kaka akacheka, kicheko kile kile cha utotoni, Mama Birika akageuka upande. Alipoinua birika kummiminia dada wa mita cha pili, lilikuwa tupu. Randa akampa chake, ambacho hakuwa amekionja, kisha akapiga magoti kuuangalia ule mguu mfupi wa benchi.