Spana Kiunoni, Kopo Mfukoni

Mbele ya duka la Lavonne Gaither, katika mji mdogo wa Tuckett, pana benchi la mbao lililobonyea upande wa kulia. Kila asubuhi, kabla jua la Oklahoma halijaanza kuikaanga lami, wazee watatu hulikalia, wakanywa kahawa ya bure na kuuhukumu ulimwengu. Ndani ya duka mna chakula cha kuku, misumari na dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nje hakiuzwi kitu, maneno yanatolewa sadaka. Juu ya mlango Lavonne amepigilia kibao: KAHAWA BURE. BASTOLA ZISITOLEWE. Kibao hicho kilizaliwa siku mmoja wa wazee hao, Sajini, alipotaka kuwathibitishia wenzake kwamba bastola yake haina risasi. Ikatoka risasi moja, ikapita kwenye gunia la pumba na kumtoboa ng'ombe wa kwenye kalenda. Tangu siku hiyo, anayetaka kubishana habari za bastola kijiweni pale hutumia vyombo vingine.

Alhamisi hiyo Maziwa alifika amevaa suti.

Jina lake la kanisani ni Clovis, lakini aliendesha gari la kukusanya maziwa mashambani maisha yake yote, na sasa hata mchungaji humwita Maziwa. Watu walimzoea ndani ya ovaroli. Kumwona na tai asubuhi ya kazi kulimfanya Sajini avue kofia.

— Nani kafa?

— Hajafa mtu. Naipima tu.

— Suti haipimwi Alhamisi, ndugu yangu. Umetupandisha presha.

Sajini ni Harlan Boggs. Jeshini alikuwa mpishi, lakini ukimsikiliza utadhani viazi vile alivimenya huku mizinga ikimpita masikioni. Pembeni yake alikaa Profesa, yaani Wendell Stroud, kinyozi mstaafu, ambaye chochote anachokijua amekiona kwenye simu yake usiku uliotangulia.

— Harusi ni keshokutwa, alisema Maziwa, na mimi bado sijapata jibu. Tazameni.

Akafunua koti. Kiunoni, upande wa kulia, alikuwa amechomeka spana ya bomba aliyoiazima rafuni kwa Lavonne. Kisha akapigapiga mfuko wa suruali. Humo mlikuwa na kopo la samaki. Bastola zenyewe, ile kubwa aliyotembea nayo miaka nenda miaka rudi na ile ndogo aliyoinunua kwa ushauri wa Profesa, zilikuwa zimefungiwa ndani ya gari lake. Kibao ni kibao. Spana ilikuwa kubwa, kopo lilikuwa dogo, na kila mtu pale aliielewa lugha hiyo.

— Kwenye ovaroli, alisema Maziwa, unaweza kuficha ndama na mtu asijue. Lakini suti! Mpini unachomoza nyuma kama kiwiko cha mtoto tumboni.

— Mimi nilishasema, alisema Profesa. Beba ndogo. Unaitia mfukoni, unaisahau. Usidharau wembamba wa reli, bwana, garimoshi hupita.

— Unaisahau! Sajini alidakia. Si ndiyo kasoro yake hiyo? Kitu cha kukuokoa roho unakisahau kama leso? Wewe mwenyewe ulisahau yako chooni pale mgahawani.

— Dakika moja tu.

— Mhudumu akakuletea mezani kwenye sahani, kando ya maharage!

— Yalikuwa matatizo ya mkanda.

— Ndogo inaruka mkononi, Maziwa. Ukiipiga inakurudia usoni kama chura. Kubwa ina uzito, inatulia, unalenga kitu unakipata. Mkono mtupu haulambwi!

— Methali hiyo ni ya ukarimu, Sajini.

— Ni ya mkono. Sikiliza neno lenyewe.

Maziwa aliitazama mikono yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mizizi ya tangawizi.

— Mimi ndogo inanishinda kukoki, alisema polepole. Springi yake ni ngumu kuliko mlango wa benki. Vidole hivi vilikamua ng'ombe kabla ya kushika usukani. Havina nguvu tena. Kubwa naivuta bila shida.

— Basi siku ya siku, alisema Sajini, utamwomba mwizi akukokie. "Samahani, kijana, nishikie hapa kidogo."

Wakacheka, na Maziwa naye akacheka, mpaka simu ikalia mfukoni, ikigongana na kopo la samaki. Alikuwa Raylene, mwanawe wa pekee.

— Baba, umeamua?

— Bado, mwanangu. Kubwa haifichiki, ndogo haikokiki.

— Sikuulizi bastola, Baba.

— Najua. Tutaona.

Akakata simu na kuiangalia. Raylene alimwomba mambo mawili tu kwa ajili ya Jumamosi. La kwanza, amshike mkono na kumtembeza kanisani. Hilo alikubali papo hapo. La pili, acheze naye wimbo mmoja jioni kwenye ukumbi wa zimamoto, maana Wabaptisti hawachezi kanisani. Hilo alilijibu "tutaona", na tangu siku hiyo kila simu ya Raylene ilimkuta ameshughulika na suala la bastola. Suala hilo halikuwa na mwisho, na Maziwa hakuwa na haraka nalo.

— Anakusumbua? aliuliza Sajini.

— Mambo ya harusi.

Lavonne alitoka na chupa kubwa ya chai, ambayo ndani yake mlikuwa na kahawa, akawaongezea. Maziwa alikuwa anajikuna kiunoni, pale spana ilipomchubua.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Profesa kwa huruma.

— Tatizo ni huko kuficha kwenyewe, alisema Sajini. Vaa nje, kila mtu aone. Mficha uchi hazai!

— Kashazaa, Sajini. Mtoto mwenyewe ndiye tunayemwoza.

Lavonne alirudi ndani akiziba mdomo.

— Sasa niwaambie jambo la kitaalamu, alisema Profesa, akaweka kikombe chini. Mnaona hili benchi lilivyobonyea kulia? Mmewahi kujiuliza kwa nini? Ni bastola kubwa. Wanaume wa mji huu wote wamebeba uzito upande mmoja tangu ujana. Mabenchi ya kanisani hali kadhalika. Viti vya magari hali kadhalika. Mimi nimenyoa vichwa hapa miaka mingi, na ninaapa, kila mteja ilinibidi nimnyanyue bega la kulia ndipo nimpate sawa.

— Na moyo uko wapi? aliuliza Sajini.

— Kushoto.

— Haya! Moyo uko kushoto, na moyo wa mwanamume ni mzito. Bila bastola kubwa kulia, mwanamume anaangukia kushoto. Ndiyo maana wanaume wa mijini wanayumba. Siyo pombe ile, ni kukosa mizani.

— Acha kamba.

— Nimeshuhudia Dallas! Mtaa mzima umeegemea upande mmoja.

— Kwa taarifa yako, alisema Profesa akiinua kidole, wezi wa siku hizi wenyewe wamepungua miili. Hawali nyama. Mwizi mdogo, bastola ndogo. Ni hesabu.

— Na akija mwizi wa zamani?

— Atakuwa na umri wetu. Utamsikia magoti yakilia tangu barabarani.

Sajini aliona anashindwa, akasimama.

— Maneno matupu hayavunji mfupa. Tujaribu kwa vitendo. Maziwa, simama. Profesa, wewe bibi harusi.

— Kwa nini mimi?

— Una kiuno. Njoo.

Profesa akanung'unika, lakini akakipachika kitambaa cha Lavonne cha kufutia vikombe kichwani, akamshika Maziwa mkono wa kulia. Sajini akapiga mluzi wa kanisani. Wakaanza kutembea kando ya barabara, mbele ya magunia ya chumvi ya ng'ombe: baba mzima ndani ya suti nyeusi, na kinyozi mstaafu aliyeinamisha macho kwa haya.

— Nasikia spana mbavuni, alisema bibi harusi.

— Vumilia, utaolewa sasa hivi.

— Maziwa, usikaze uso! Unamwoza, humfikishi mahakamani!

Walipofika kwenye gunia la mwisho, Sajini akaamuru wageuke. Hapo ndipo lilipotokea. Tangu Opal, mke wake, alipofariki, Maziwa hakuwa mtu wa kula. Tumbo lilihama, suruali ikabaki. Mkanda ulikuwa umefika tundu la mwisho. Spana ikaona nafasi, ikavuta chini. Suruali ikaifuata spana kwa utii. Na Maziwa akasimama mbele ya mji wa Tuckett akiwa na koti, tai, na miguu myeupe kama bidhaa aliyoibeba maishani.

Ni wakati huohuo gari dogo la kijani lilipoegeshwa. Akashuka mwanamke wa makamo mwenye kofia ya majani, na sanduku la fidla mkononi. Akawatazama: mmoja amesimama nusu uchi, mmoja kajifunga kitambaa kichwani, mmoja anapiga mluzi.

— Samahani, mabwana. Naitwa Twyla. Natafuta ukumbi wa zimamoto, nitapiga muziki harusi ya Jumamosi.

— Moja kwa moja, kisha kulia, alisema Sajini. Mji wote uko kulia.

— Mnamjua baba wa bibi harusi?

Wote wawili wakamnyooshea kidole Maziwa, aliyekuwa ameinama akiitafuta suruali yake. Twyla aligeuza uso kwa adabu mpaka aliposikia mkanda umefungwa.

— Afadhali nimekukuta, mzee wangu. Binti yako aliniambia nikuulize mwenyewe. Mtacheza wimbo gani?

Nyenje walikuwa wanalia mitini. Maziwa akaukagua tena mkanda wake.

— Dada, alisema Sajini, suala hilo halijafika kikaoni.

— Nitatafuta, alisema Profesa akitoa simu. Kuna video.

— Utatafuta nini, na jina hulijui?

— Basi lijue wewe!

— Mimi siyo baba yake!

Waliijua bastola kwa uzito, kwa springi, kwa urefu wa mpini. Wimbo hawakuujua. Wakamgeukia Maziwa kwa pamoja, na yeye akaketi kwenye benchi, pale palipobonyea.

— Sijui jina lake, alisema hatimaye. Ulikuwa ukipigwa redioni, kwenye gari la maziwa, alfajiri. Nikirudi nyumbani nilikuja nao mdomoni. Opal alikuwa anakaanga mayai. Raylene alikuwa hivi, akaonyesha kwa kiganja urefu wa meza. Anapanda juu ya viatu vyangu, ananizungushia mikono kiunoni, tunazunguka jikoni. Opal anatuambia tutamwaga mafuta.

Akakohoa.

— Sijacheza tangu Opal alipoondoka. Nisipojua nianze na mguu upi, nitamwaibisha mtoto mbele ya watu.

Macho ya Profesa yalishuka polepole kwenye kiuno cha Maziwa, pale mikono ya Raylene ilipokuwa ikishika, na pale spana ilipokuwa.

— Uimbe, alisema Twyla.

— Mimi? Hapa?

— Kidogo tu.

Maziwa akauvumisha puani, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Mara ya pili Twyla alikuwa tayari na fidla begani. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Haukuwa wimbo mgumu. Mguu wa kushoto wa Maziwa ukaanza wenyewe, bila kuulizwa.

— Kumbe ni kushoto, alisema kwa mshangao.

— Upande wa moyo, alisema Sajini. Si nilisema?

Maziwa akachomoa spana, akaiweka benchini. Akatoa kopo la samaki, akaliweka kando yake.

— Bastola zote mbili zitabaki ndani ya gari, zimefungiwa. Lavonne! Una mikanda ile ya kuvaa mabegani?

— Myekundu tu! Lavonne alijibu kutoka ndani.

— Lete myekundu.

— Mwenzangu, fikiria, alisema Sajini, na safari hii hakuwa anatania. Miaka yote hii hujatoka nyumbani bila kitu. Mkono mtupu haulambwi.

— Haulambwi, Sajini. Lakini unashikika.

Sajini akaiweka sawa kofia yake.

— Basi mimi nitasimama mlangoni na yangu. Kubwa.

— Wewe umealikwa? aliuliza Profesa.

— Kwani sijaalikwa?

Lavonne alileta mikanda, kisha akaipindua ile chupa ya kahawa juu ya kikombe cha Sajini. Likadondoka tone moja, kisha hewa.

— Kahawa imekwisha, waungwana.

Hakuna aliyenyanyuka. Twyla alikuwa bado anaurudia wimbo, safari hii polepole zaidi, na Maziwa alikuwa amesimama kivulini na mikanda myekundu begani, simu sikioni.

— Raylene. Nimeamua.

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu aliyechoka.

— Haya, Baba. Kubwa au ndogo?

— Ule wa jikoni, mwanangu.