Mwavuli Uliorudi Rafuni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, afisa mteule ambaye kikosi kizima kinamwita Subiri atakabidhi sare zake na kutoka langoni akiwa raia. Waandaaji wa hafla wameomba wasifu huu uandikwe na mtu wa chumba cha miavuli ya kurukia kutoka ndegeni. Wamefanya vizuri. Kila mwavuli aliourukia ulipita mikononi mwetu kwanza, na kila uliporudi tuliutandika mezani tukaukunja upya. Wengine wanamjua kwa uso. Sisi tumemjua kuanzia mgongoni.

Kwa ajili ya wageni ambao hawajawahi kuwa jeshini, inafaa tueleze kidogo kazi yenyewe. Ndani ya ndege kuna waya mrefu unaopita juu ya vichwa hadi mlangoni. Kila askari hunasa mkanda wa mwavuli wake kwenye waya huo. Anapotoka, mwili unakwenda na mkanda unabaki, na mvutano huo ndio unaofungua mwavuli. Mlangoni husimama msimamizi. Hukagua mikanda, hutazama hali ya chini, na taa ya kijani ikiwaka humgusa askari begani. Mguso huo ndio ruhusa. Taa iwake itakavyowaka, bila mguso hakuna anayetoka.

Subiri aliingia kikosini akiwa mwembamba kiasi kwamba mkufunzi wake wa kwanza alimwambia upepo ungemrudisha kwao. Haukumrudisha. Aliruka kwa miaka mingi na kutua mashambani, vichakani, na siku moja katikati ya mechi ya mpira ya shule ya jirani, ambapo mwamuzi alipuliza filimbi na kumwonyesha kadi. Anasema hajui hadi leo ilikuwa kadi ya kosa gani.

Kisha goti likachoka. Daktari wa kikosi alimwondoa kwenye kuruka, naye akakabidhiwa kufundisha makuruta na kusimamia mlango. Jina la Subiri lilitoka hapo, kwa sababu hilo ndilo neno alilopenda kumwambia kila aliyefika mbele yake macho yamemtoka. Walimcheka kwanza, eti msimamizi mzito kama gari la mizigo. Baadaye walioruka chini ya mkono wake wakaanza kuomba zamu zake.

Mikasa yake ni mingi. Kuna kuruta aliyefika mlangoni akasema kamba ya buti imefunguka. Subiri alipiga goti, lile lile bovu, akamfunga kamba taratibu kama mzazi anayempeleka mtoto shule, akasimama, akamgusa begani, na kijana akatoka. Mwingine alimwambia kwa heshima zote, "Afande, naomba kwenda chooni." Akajibiwa, "Choo kipo, mwanangu. Kiko chini." Yule naye akatoka, na sasa ni sajini mwenye watoto wawili.

Jambo moja la kazi hiyo halisemwi sana. Askari wote wakisharuka, msimamizi hubaki. Mikanda huwa inapigapiga nje ya ndege, naye huivuta ndani mmoja mmoja, hufunga mlango, na kurudi uwanjani akiwa peke yake kwenye viti vitupu. Hivyo ndivyo Subiri alivyorudi nyumbani katika nusu ya pili ya utumishi wake. Hakulalamika. Lakini mikanda ile alikuwa akituletea mwenyewe chumbani, na alikaa kidogo kila mara, akitutazama tukikunja.

Sasa tuje kwa shemeji yetu, mkewe, maana bila yeye wasifu huu ungekuwa nusu. Katika miaka yote hii alimwona mumewe akiruka mara moja tu, nayo haikuwa mara nzuri. Walikuwa na miezi michache tu katika ndoa. Alikuja uwanja wa kushukia amevaa viatu vya wazi na nguo ya kutokea, na siku hiyo askari mmoja alitua vibaya akavunjika mguu. Angani na chini wote huvaa sawa. Shemeji alikimbia uwanja mzima nyuma ya machela ili auone uso. Hakuwa mumewe. Alirudi nyumbani na hakuja tena. Alipoulizwa sababu, alisema, "Siku ile nilifurahi kwamba aliyeumia ni mtoto wa mwanamke mwenzangu. Sitaki tena kufurahi hivyo."

Wakaweka utaratibu wao wa nyumbani. Siku ya kuruka, Subiri haagi kwa maneno ya ziada. Akirudi, huvua buti barazani na kuziangusha moja baada ya nyingine. Shemeji akisikia ya pili imeanguka, hubandika maji ya chai. Ya kwanza peke yake, anasema, haimtoshi.

Basi mwezi uliopita tulifanya jambo ambalo hufanyiwa kila mkongwe wa kikosi: mruko wa kuaga. Anayestaafu hutoka wa kwanza, na darasa lake la mwisho humfuata nyuma kwa mstari. Daktari alilikagua goti akatoa kibali cha siku hiyo moja, huku akitikisa kichwa. Binti yao mkubwa alikaa na mama yake wiki nzima akimbembeleza. Mwishowe shemeji alikubali. Alisema kama mtu ameruka miaka yote hiyo, si haki astaafu bila mkewe kumwona akitua kwa miguu yake.

Tulimwekea kiti cha mbele. Asubuhi ilikuwa tulivu. Ndege ilipopaa, upepo ukaanza.

Hapa tena tueleze. Uwanjani huwashwa moshi wa rangi. Wa kijani maana yake rukeni, mwekundu maana yake rudini. Lakini moshi una lugha ya pili. Ukipanda juu, upepo ni mdogo. Ukilala chini na kutambaa, upepo ni mkali, na mwavuli utamburuza mtu ardhini kama gunia. Luteni aliyesimamia uwanja siku hiyo alifundishwa kuruka na Subiri mwenyewe. Alimtazama shemeji pale kwenye kiti, mkono umekinga jua, shingo juu. Kipima upepo kilikuwa pale pale kwenye mstari wa mwisho unaoruhusiwa. Akawasha wa kijani.

Kule juu taa ikawaka. Subiri alikuwa mlangoni, mkanda umenaswa, makuruta wake wamejipanga nyuma, na msimamizi wa zamu ameshainua mkono wa kumgusa. Alitazama chini. Moshi ulikuwa wa kijani, na ulikuwa umelala. Aliutazama tena. Kisha akamshika yule msimamizi mkono kabla haujafika begani, akamwambia neno lile lile alilowaambia wengine wote.

Ndege ilizunguka mara kadhaa ikiwapa nafasi. Upepo haukushuka. Subiri akaunasua mkanda wake, akawageukia makuruta, akawaambia wakae. Baadaye kuna waliomwambia angeweza kuruka peke yake. Mtu mzoefu, goti au si goti, angetua. Alijibu, "Niruke mimi, halafu niwaambie wao wasiruke? Nitakuwa nimewafundisha nini?"

Chini, shemeji aliiona ndege ikizunguka, kisha akaiona ikienda. Binti alipomweleza, alikunja kitambaa chake mapajani. "Basi nimeiona ndege," alisema.

Luteni alikuja chumbani kwetu jioni, akijua atamkuta Subiri huko. Alisimama wima kana kwamba yeye ndiye mwenye cheo cha chini. "Mzee wangu, nilitaka mama aone." Subiri alikuwa akifuta buti. "Hata mimi nilitaka, Luteni. Ndiyo maana niliutazama ule moshi mara mbili." Hakuna aliyelaumiwa. Lakini kibali cha daktari kilikuwa kimekwisha, na ndege ilihitajika kwingine. Nafasi hiyo haitarudi. Tungependa kuandika vinginevyo.

Nyumbani, tumeambiwa, buti ziliangushwa barazani kama kawaida. Baada ya ile ya pili, maji hayakubandikwa mara moja. Shemeji alitoka nje kwanza, akaziokota, akaziingiza ndani mwenyewe.

Mwavuli wa siku ile ulirudi rafuni ukiwa umekunjwa vile vile. Kanuni hairuhusu mwavuli ukae umefungwa muda mrefu bila kutumika. Lazima ufunguliwe, upigwe hewa, ukunjwe upya kwa ajili ya mtu mwingine. Tulikuwa tunaahirisha. Juzi shemeji alituma ujumbe kwa binti yake, akiuliza kama mwavuli huo ungeweza kuonekana ukiwa wazi, hata kama hakuna mtu chini yake.

Unaweza. Kwa hiyo siku ya hafla, hotuba zikiisha na kabla ya chakula, wageni wote wanaombwa watufuate hadi mnara wa kukaushia miavuli. Subiri atanasa mkanda mwenyewe kwenye ndoano, na sisi tutauvuta mwavuli juu hadi ufunguke wote. Kiti cha mbele ni cha shemeji.

Subiri, tunakushukuru kwa kila bega uliloligusa, na zaidi kwa yale ambayo siku ile hayakuguswa. Tunawatakia wewe na shemeji uzee wenye afya, goti lenye heshima kidogo, na siku nyingi ambazo maji ya chai yatabandikwa bila kusubiri mlio wa buti.