Kadi ya Clive

Basi lilikuwa likitupandisha milimani kutoka uwanja wa ndege wa Geneva. Nyuma yangu Clive, Mwingereza mwenzangu, alimwonyesha jirani yake kadi ya serikali yetu ya kutibiwa hospitali za Ulaya. "Bima ya nini, dada? Hii inatosha. Mwaka wa ishirini huu nateleza kwenye theluji!"

Yule mama akashtuka. "Mungu wangu! Hiyo ni ya hospitali. Mlimani atakutoa nani?"

"Si helikopta?"

"Unailipia mwenyewe, kaka! Mdogo wangu alivunjika nyonga, bili ikamtangulia nyumbani."

"Labda hakujua kuteleza."

"Alikuwa amesimama! Aliyemgonga ndiye aliyejua."

Nikaipapasa mfukoni kadi yangu, ya aina ileile. Basi likasimama. Clive, bingwa wa miaka ishirini, alishuka ngazi tatu akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili.