Miaka ya Marehemu

Basi la kwenda Kabati lilikuwa halijatoka Kitui mjini vizuri, na Kalondu, aliyekaa nyuma ya wazee wawili waliokuwa wakibishana, alikuwa ameshachoka nao. Mwalimu Kivuva alikuwa mstaafu asiye na ofisi, aliyejipatia riziki kwa kuwasahihishia watu karatasi zao kabla hazijapigwa chapa. Leo alikuwa ameshika ratiba ya mazishi. Kando yake Nzomo, mfiwa, alikuwa amenuna.

“Wewe ndiye kifungua mimba, umezaliwa 1938,” alisema Kivuva. “Na hapa baba yako amezaliwa 1930. Alikuzaa akiwa na miaka minane?”

“Kipande chake cha utambulisho kinasema hivyo.”

“Kipande kiliandikwa na karani aliyemkadiria kwa macho!”

“Sasa mwalimu, pasta amesoma akanyamaza. Wajomba wamesoma wakanyamaza. Msalaba nao umeshaandikwa. Mimi nilikulipa utafute makosa, si umri wa baba yangu.”

“Hilo ndilo kosa lenyewe! Nikiliacha, watu watasema Kivuva amezeeka, haoni tena. Nani ataniletea kazi?”

Kalondu alimhurumia mwalimu kidogo, ingawa sauti yake ilikuwa imemwamsha mtoto wa kiti cha mbele.

Walipokaribia Kabati, Nzomo akamgeukia mwalimu. “Na wewe, ulizaliwa lini?”

“Tarehe moja Januari.”

“Nani alikuambia? Karani?”

Kivuva akatoa kipande chake mfukoni, akakitazama, akakirudisha. Basi likasimama Kabati. Kalondu, ambaye kipande chake pia kilisema tarehe moja Januari, sawa na cha mumewe na vya dada zake wawili, akanyakua kiondo na kushuka haraka kabla hajaulizwa.