Mwalimu Miguu na Kaseti ya Mpishi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Miguu. Ametutoka juma hili, na kiti chake hapa studioni bado hakuna aliyethubutu kukikalia.

Mwalimu Miguu. Jina la utani, naam, na mwenyewe alilipenda. Mlimletea vipande vifupi vya kinanda cha kanisani, muziki wa baroko, wa karne tatu zilizopita, vingine havifiki hata dakika. Yeye akatafuta jina la kila kipande. Alivua viatu, akafumba macho, nyayo zikaanza kutembea sakafuni, maana kinanda kile hupigwa kwa mikono na kwa miguu. "Mikono ina maringo," alisema. "Sauti za juu watunzi waliazimana. Sikilizeni miguu."

Mjane wake anacheka huku machozi yakimlengalenga: "Soksi za baba watoto zote zilitoboka vidoleni. Nilishona mpaka nikanyoosha mikono!"

Basi akaja mpishi mmoja wa hospitali na kaseti. Ni mama yake marehemu, anapiga kinanda, kisha mtu anamwita, naye anaitika, "Haya, nakuja!" Muziki unakatikia hapo. Mama alifariki mpishi akiwa bado anabebwa mgongoni.

"Nataka niusikie muziki huu mpaka mwisho, Mwalimu. Mara moja tu."

Mwalimu akatafuta. Akakosa. Akatafuta tena. Bintiye anakumbuka: "Baba hata kula hali. Ukimsemesha, anakujibu kwa vidole vya miguu."

Akashindwa, wasikilizaji. Akamwita mpishi aje achukue kaseti yake. Mpishi akaja na mama yake mdogo, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaseti ikapigwa mara ya mwisho. "Haya, nakuja!"

Mama mdogo akaangua kicheko. "Huyu katoto ni nani? Dada alikuwa na sauti nzito, akiita watu wanadhani ni baba!"

Mwalimu akaruka kitini. Kumbe siku ile ya kurekodi betri zilikuwa zinakufa! Utepe ulikwenda taratibu. Sasa, kwa betri nzima, unakimbia. Sauti imekuwa nyembamba, muziki umekuwa wa haraka. Mwalimu alikuwa akitafuta ngoma ya kuchezea, kumbe ni sala.

Akapunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka mama mdogo akasema: "Ndiyo. Huyo ndiye dada."

Mpishi akaisikia sauti ya mama yake kwa mara ya kwanza. Na miguu ya Mwalimu ikaujua muziki ule papo hapo.

Tuliupiga hapa hapa, mzima. Mpishi alisikiliza, akapangusa macho. "Kumbe mama alikuwa amebakiza kidogo tu," akasema.

Mama, mjane wa Mwalimu, na binti yetu, poleni sana. Tunawashukuru kwa kutuazima mtu wenu miaka yote hiyo.

Nawe msikilizaji, nyumbani kwako yuko mtu anayeimba kitu usichokijua jina. Muulize leo. Na akianza, usimwite. Mwache amalize.